Siku Mama Tshala Alipomwona Mkwe Wake Akioga

Chrispin, mwana wa Edmond dereva wa treni, alizaliwa hapa Kamina katika nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli. Mama Tshala, aliyekaa mlango wa tatu, alimjua tangu enzi za kukimbia uchi kwenye mvua. Mtoto yule aliiga kila mtu. Aliiga mwendo wa mkubwa wa stesheni, aliiga kikohozi cha padri, akamwiga hata Mama Tshala mwenyewe akigombana na wauza samaki wa Kinkondja, mpaka akafukuzwa kwa mwiko wa kusongea bukari.

Parokiani walimpa michezo ya Noeli. Alipofika miaka kumi na saba, Hénoch, mpiga picha wa harusi, alipata kamera ya sinema akamwita. Filamu ya kwanza waliipiga Kaniama kwa siku tatu. Chrispin alikuwa mwizi wa ng'ombe, na aliiba vizuri hata mwenye ng'ombe wa kweli akatokea na fimbo. Baadaye alicheza askari, mlevi, mchungaji wa uongo. Filamu zilipita kutoka simu hadi simu. Alipotimiza miaka ishirini na tatu, watu wa sokoni walikuwa wamesahau jina lake, wanamwita kwa majina ya filamu.

Kisha akampenda Chancelvie, mtoto wa mwisho wa Mama Tshala. Mahari yalipokelewa, na tangu siku ile njia kati ya nyumba mbili ikabadilika. Kwetu Waluba, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasemeshani ila kwa kinywa cha mtu mwingine. Chrispin, aliyezoea kuingia jikoni mle bila hodi, sasa akimwona Mama Tshala barabarani alizunguka nyuma ya nyumba tano. Mama Tshala alijivuna sana.

"Iko mucheza filme, lakini heshima ya bukwe anaijua," aliwaambia wenzake.

Wiki tatu kabla ya harusi, Hénoch alileta filamu mpya ionyeshwe katika ukumbi wa parokia, siku ya Mungu baada ya misa. Chrispin alitaka mama mkwe aione. Lakini ataketije ukumbi mmoja naye? Basi kwa heshima alipanda pikipiki asubuhi na mapema, akaenda zake Luena.

"Mama, anasema uende, uikale mbele kabisa," Chancelvie akaleta habari. "Yeye hatakuwa mu salle."

Mama Tshala akavaa kikwembe, kitenge chake cha Pasaka, akaketi mbele.

Mwanzoni ilikuwa raha. Chrispin alivaa shati na tai, na picha ya mkwe aliyevaa vizuri haina ubaya. Halafu yule mtu wa filamu akarudi kutoka kazini, akakuta ndoo ya maji uani. Akavua tai. Akavua shati. Mama Tshala alidhani ataishia hapo. Akabaki na taulo kiunoni, sabuni kifuani, na kifua kile kilijaa ukuta mzima, kipana kama mlango wa behewa. Mama Tshala alishika benchi kwa mikono miwili. Naye Chrispin, maji yakimteremka tumboni, akageuka akamtazama usoni, akatabasamu.

"Mama Tshala, funga macho," sauti ikasema nyuma. "Mukwe anakuchekea."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Akajifunika kikwembe kichwani, akatoka akipapasa mabenchi, akikanyaga miguu ya watu.

Nyumbani hakuvua hata viatu.

"Ndoa imekufa," alimwambia Chancelvie.

"Mama, haikuwa yeye. Mu filme anaitwa Josaphat."

"Na kile kifua, iko ya Josaphat?"

Jirani yake Clotilde akajaribu. "Lakini yaya, dada yangu, ulikuwa unamuona uchi kila siku, akiwa mutoto."

"Wakati ule alikuwa mutoto wa Edmond. Leo iko mukwe yangu."

Clotilde akaitika kwa kichwa. Alijua, kama wote tunavyojua, kwamba mama akiona mwili wa mkwe, binti haendi kwa mume mpaka aibu ioshwe. Na mama anaweza kukataa kuoshwa.

Chrispin alipopigiwa simu alicheka kwanza. Kisha akakaa chini. Akamwomba Hénoch aikate sehemu ile.

"Nikate nini?" Hénoch akajibu. "Iko tayari mu telefone ya kila muntu."

Jumamosi Chrispin akaja kwa Mama Tshala na Edmond baba yake, pamoja na mbuzi, na kikwembe kipya cha kumfunika mama macho. Yeye alibaki nyuma ya ukuta wa jiko. Séraphin, mdogo wake Mama Tshala, alisimama kwenye pembe kubeba maneno, ingawa kila upande ulisikia vizuri.

"Mujomba, mwambie mama: niliondoa mwili wangu mu salle juu ya kumuheshimu. Nikasahau kama niko ndani ya filme."

"Anasema alisahau," Séraphin akatangaza.

"Mwambie kusahau kwa namna ile nilikuwa sijaona bado," Mama Tshala akasema upande wa pili.

Edmond akatazama ardhi, mabega yanamcheza kwa kicheko. Lakini sauti nyuma ya ukuta ikashuka.

"Mwambie tena: filme nimeacha. Bantu ya filme ya Lubumbashi walinipa kazi, nimewaambia hapana. Nitaomba ku reli, kama tata yangu."

Neno lile lilimgonga Mama Tshala kuliko kifua. Alitaka mbuzi, alitaka aibu, hakutaka maisha ya mtu. Marehemu mume wake alipiga gitaa, na siku ya kumwoa aliambiwa na wazee wa kwao aliache. Akaliacha. Kwa miaka thelathini, kila alipoketi kula, vidole vyake viligonga meza, na yeye mke hakuthubutu kumwambia nyamaza.

Akamsahau Séraphin. Akauelekea ukuta.

"Nani alikuambia uache? Weye mutoto, nani alikuambia?"

Edmond akainua uso. Mama mkwe alikuwa amemsemesha mkwe, moja kwa moja, mchana kweupe. Séraphin akashika kichwa.

"Yaya, sasa weye pia uko na kosa."

Mama Tshala akaziba kinywa kwa mikono miwili. Alijua adhabu yake: kuku mweupe, kutoka kwake kwenda kwa mkwe. Kisha akasema taratibu kati ya vidole, safari hii kwa Séraphin.

"Anasema apige simu Lubumbashi leo," Séraphin akapeleka ujumbe. "Anasema shati wasimuvue tena."

Nyuma ya ukuta Chrispin akaanza kupiga simu, na mama mkwe akasikia kila neno. Kisha Mama Tshala akamwonyesha Chancelvie kwa kidole kuku mweupe aliyekuwa akiparua chini ya kamba ya nguo, na binti akaanza kumkimbiza.