Shahidi Niliyempeleka Ukweni

Naomba mniache niusimulie mkasa huu mwenyewe, maana kila nikipita nasikia watu wanautia chumvi, mara nilikuwa nimeficha samaki kifuani, mara nilizimia ukweni, wakati ukweli wenyewe hauhitaji chumvi, aibu iliyomo inatosha.

Mimi Masalu nafanya kazi kiwanda cha samaki hapa Mwanza (jina la kiwanda sisemi, nimeshakiponza vya kutosha). Tunakata minofu ya sangara, tunaigandisha, tunaipakia kwenye kontena la baridi, kontena linakwenda kwa lori hadi bandarini, linapanda meli, hilo Ulaya. Ni safari ya wiki na wiki, na wanunuzi wa kule hawaamini maneno ya mtu, kwa hiyo katikati ya maboksi tunaweka kifaa kidogo cha kuandika joto, ukubwa wa kiberiti, kina taa ya kijani inayowaka na kuzima. Ukishakibonyeza kinaandika mwanzo mpaka mwisho, huwezi kukibembeleza. Tunakiita shahidi. Kazi yangu ilikuwa kumbonyeza shahidi, kuandika namba yake kwenye karatasi na kumlaza ndani kabla mlango haujafungwa. Basi! Kazi ya mtoto wa chekechea, na mimi hapa nina ndevu.

Jumamosi hiyo nilitakiwa Mabatini saa saba mchana, kwao Neema, mchumba wangu, kwenda kujitambulisha. Nikavaa koti la suti chini ya jaketi la baridi la kiwandani (hilo nalo kosa, nguo za nje haziruhusiwi, lakini siku ya posa nani anakumbuka sheria?). Upakiaji ukawa unajivuta. Ili nisichelewe nikambonyeza shahidi mapema, saa tano hivi, nikaandika namba yake, nikamtia mfuko wa ndani wa koti nikisema nitamweka mwishoni. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Simu ikaita, Neema.

"Wazee wako wameshakaa, wa kwetu wameshakaa, wewe bado unanuka samaki?"

Nikavua jaketi, nikaanza kukimbia. Mlangoni nikakutana na Mama Kulwa. Huyu ndiye msimamizi wa upakiaji, na ndiye aliyenishika mkono nikaajiriwa wakati hata kiatu cha maana sina, tangu hapo ananiita mwanangu, na kusema kweli ananitunza kama mwanawe.

"Mwanangu, shahidi umemweka?"

"Nimemweka, mama."

Sikufikiri hata kidogo. Mdomo ulijibu wenyewe, miguu iko kwenye bodaboda.

Ukweni nikaketi katikati ya baba yangu mdogo na mjomba wake Neema, chumba kimejaa watu, jua la saa saba liko juu ya bati, jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Nikamgusa shahidi. Jamani! Nikamtoa kidogo nimwone kama kweli ni yeye, na shangazi yake Neema, mama mwenye macho ya mwewe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mkwe, hicho nini kinawakawaka kifuani?"

Mtu mwenye akili angesema ni kifaa cha kazini, samahani, naomba niwahi kukirudisha. Mimi nikaona wataniona mzembe siku ya kwanza tu, nikasema, "Ni kipimo cha moyo, shangazi."

Baba mkwe akaweka glasi chini. "Una ugonjwa wa moyo?"

"Kidogo tu, baba."

Kidogo tu! Hebu fikiria, mtu umekuja kuomba binti wa watu na moyo wa kuazima. Neema alinitazama kama mtu asiyenijua. Mama mkwe (Mungu ambariki, ana roho nzuri) akanishika mkono, akanipeleka barazani kwenye duka lao, akaniegemeza kwenye friza la soda, kisha akachukua chupa mbili za baridi akanibandika kifuani juu ya shahidi, huku shangazi ananipepea na kitenge na kuniombea kwa sauti. Wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza kama nimeshakata roho. Nilipoona wanatafuta gari la kunipeleka hospitali nikasema nitakwenda mwenyewe, nikadandia bodaboda.

Kiwandani lori lilikuwa bado uani, linasubiri karatasi ya mkaguzi, mlango wa kontena haujapigwa lakiri. Na humo kabatini kwetu kuna mashahidi wapya boksi zima! Ningesema tu nimekosea, tungebadilisha namba, dakika kumi. Lakini ningemwangaliaje Mama Kulwa niliyemwambia nimemweka? Nikamdanganya dereva kwamba nakagua boksi moja, nikafungua mlango kidogo, nikamtumbukiza shahidi yule yule, nikafunga. Nikarudi nyumbani nikalala vizuri kabisa.

Wiki zikapita, kontena likafika. Wanunuzi wakamchomeka shahidi kwenye kompyuta, naye akasema yote. Barua ikaja: mzigo umezuiwa, saa za mwanzo joto lilifika digrii thelathini na nne, inaonekana samaki waliyeyuka ndipo wakagandishwa tena. Saa hizo ni za upakiaji, na karatasi ya upakiaji ina sahihi ya Mama Kulwa. Wakamsimamisha kazi siku hiyo hiyo.

Nilijua. Nataka mlielewe hilo, nilijua tangu barua iliposomwa, na nilinyamaza siku tisa. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kwa meneja, na kila asubuhi nilipata sababu. Nilimwona Mama Kulwa mara moja sokoni, akaniambia, "Mwanangu, niombee, sijui nimekosea wapi." Nikamwambia nitamwombea.

Siku ya kumi tukaitwa wote kwenye ukumbi wa chakula, akina mama wa kukata minofu, wapakiaji, madereva, na Mama Kulwa kwenye kiti mbele, peke yake. Meneja akaonyesha mchoro wa joto ukutani, mstari mwekundu umepanda kama mlima.

Mama Kulwa akasimama. "Samaki wa joto hilo anaoza. Angefikaje huko mzima? Mimi sijawahi kupakia samaki aliyeyeyuka."

"Basi tueleze na hapa," meneja akasema, akigonga ukuta. "Saa nane joto linashuka ghafla, halafu linapanda tena. Mlikuwa mnafanya nini? Mnafungua na kufunga mlango?"

Mama Kulwa akatazama ule mstari. Akausogelea, akaufuata kwa kidole. Na mimi nilikuwa nalijua jibu vizuri mno, likanitoka lenyewe.

"Hapo ni soda."

Watu wote wakageuka.

"Soda gani?" meneja akauliza.

Ikabidi niseme. Nikasimama mbele ya ule mlima mwekundu nikaufafanua kama mwalimu wa jiografia: hapa niko kwenye bodaboda, hapa naketi ukweni, hapa shangazi ameniuliza, hapa nimeegemea friza. Akina mama walicheka mpaka wakashika meza. "Joto la ukweni!" mmoja akapiga kelele, na jina hilo ninalo mpaka leo. Mama Kulwa hakucheka.

Samaki walipimwa kule wakaonekana wazima, mzigo ukapokelewa baada ya mimi kuandika barua ya maelezo, yote, pamoja na soda. Nikahamishiwa stoo ya maboksi. Ukweni nako nilirudi kukiri, baba mkwe akasema afadhali moyo mbovu kuliko ulimi mbovu, na posa imesimama mpaka atakaponiita. Neema anasema nisubiri. Nasubiri.

Mama Kulwa alirudishwa kazini. Nilikwenda nyumbani kwake na baba mdogo kuomba radhi, akatupokea, akatupikia chai. "Kusahau si kosa, kila mtu husahau," akasema. "Lakini mimi nilikuuliza." Kisha akasema yameisha.

Siku hizi mtu akiniuliza umeweka, sijibu, kwanza naenda kuangalia kwa macho yangu. Nimeapa hivyo na nitakufa hivyo. Ila kila asubuhi tunapishana na Mama Kulwa getini, namwamkia, "Shikamoo, mama," naye anasimama, ananiitikia vizuri, bila kinyongo usoni.

"Marahaba."

Zamani alikuwa anaongeza, "mwanangu."