Kabati Lilisema Viko Vyote

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Elerai, chini ya Mlima Meru, nimesoma sekondari nikirudi Elerai kula, na hadi leo nikivuka Usa River najiona niko ugenini. Kwa hiyo watu hucheka nikiwaambia kazi yangu ni ya ndege. Sirushi. Natunza vifaa vya mafundi katika karakana ya kampuni ndogo inayopeleka watalii mbugani. Asubuhi nagawa spana, jioni nazipokea, nafunga kabati, narudi kwa mke wangu na migomba yangu.

Kufunga kabati kwetu si mchezo. Spana ikisahaulika ndani ya injini, ile ndege ni jeneza. Fundi mkuu wetu, mwanamke wa Nkoaranga ambaye wote tunamwita Mama, bosi akiwemo, ana sheria yake ambayo haimo kwenye kitabu chochote: ndege ikitoka matengenezo, anayetamka kwamba vifaa viko vyote ndiye anayepanda na rubani kwenda kuijaribu. Miaka yote nilihesabu mimi, akatamka yeye, akapanda yeye. Mpango huo ulinifaa sana.

Ndipo likaja kabati jipya. Wateja wa nje walitaka kila kitu kiwe kwenye kompyuta, na bosi aliogopa kuwapoteza. Kila kifaa kilibandikwa stika yenye kichipu, na kila kifaa kililala kwenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake. Kabati linasoma stika, kioo kinawaka kijani vikiwepo vyote, chekundu kikikosekana kimoja. Mwisho mtunza vifaa anaweka dole gumba, na hilo ndilo tamko. Dole gumba lilikuwa langu.

Mzungu aliyekuja kutufundisha alimaliza asubuhi moja. Akauliza kama kuna maswali. Hatukuuliza, maana si adabu kumbana mgeni kabla hajala. Akala, akaenda zake kutazama wanyama. Hakutuambia lolote kuhusu mafuta ya taa, na sisi hatukumwambia kwamba hapa kila spana ikimaliza kazi huogeshwa kwenye beseni la mafuta ya taa. Mama amefanya hivyo tangu ujana wake.

Wiki za kwanza umeme ukikatika kabati liligoma kufunguka, mafundi wakakaa kuota jua. Mtandao ukipotea lilisema hakuna kifaa hata kimoja, huku nimevishika mkononi. Nikaanza kujiuliza kama na mimi nimesajiliwa.

Siku ninayoisimulia, ndege ilikuwa imetoka kufunguliwa injini na mchana ilitakiwa kuwafuata wageni Serengeti, baada ya kujaribiwa. Rubani, kijana wa Moshono asiyenipa nafasi ya kupumua, alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Mwali wetu leo anatolewa nje," akasema. "Umeaga nyumbani?"

Nikavuta droo. Kioo kikawaka kijani. Nikanyoosha dole gumba, na hapo nikaona kishimo cha spana fupi kwenye sponji kiko kitupu.

Nikafunga droo, nikaifungua tena. Kijani. Kitupu. Nilitazama kioo, nikatazama kishimo, nikatazama kioo, kama mtu anayeamua ugomvi wa mashemeji.

Bosi alikuja akiwa na simu sikioni. Akaniambia mfumo umegharimu kuliko nyumba yangu na migomba yake, na kama unasema viko vyote basi viko vyote, niweke kidole. Nikasema sioni spana. Rubani akacheka, akawaambia mafundi kwamba mwali amepata sababu ya kubaki ndani. Mafundi nao wakacheka, na shida ni kwamba hata mimi nilihisi kama ana ukweli. Tangu nione ile ndege asubuhi nilikuwa naomba ipatikane sababu yoyote.

Mama alikuja akijifuta mikono. Hakutazama kioo, alinitazama mimi.

"Unaogopa, au unaona?"

"Vyote, Mama."

"Basi hapandi mtu."

Akaingiza ukucha ndani ya kile kishimo, akabandua kitu. Kioo kikawa chekundu papo hapo. Ilikuwa stika. Mafuta ya taa yalikuwa yamelegeza gundi, spana ilipotolewa asubuhi stika ikabaki imenata ndani ya kishimo, na kabati likaamini spana haijatoka kitandani. Sasa swali likabaki moja, nalo halikumchekesha mtu: spana iko wapi?

Bosi akakodi ndege ya jirani iwafuate wageni, uso wake umekunjamana. Mafundi wakafungua injini upya. Tukamulika kila pembe kwa tochi. Tukapekua mifuko ya ovaroli na mikoba ya chakula. Niliongoza upekuzi mimi mwenyewe, kwa ukali ambao sikujua ninao.

Mwishowe rubani, kwa kuchoka, akavuta ndoo ya rangi iliyokuwa nyuma ya mlango ili aikalie. Ndani kukagonga chuma.

Ile ndoo ni yangu. Mafuta machafu ya beseni huwa nayamimina humo, napeleka nyumbani kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Rubani akafungua mfuniko, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akaibuka na spana fupi, nyeusi tii.

"Kumbe ilikuwa inakwenda Elerai," akasema.

Bosi akauliza, kwa haki kabisa, sasa nani alikuwa sahihi. Injini ilikuwa safi muda wote. Kabati lilisema salama bila kujua lolote, mimi nilisema hapana huku spana nimeificha mwenyewe bila habari. Mama aliichukua spana mkononi mwa rubani. Akaifuta, akaibandika stika kwa gundi ya viatu, akairudisha kwenye kishimo chake. Mafundi walipomaliza kufunga injini, akanigeukia.

"Haya. Sema."

Hapo sikuwa na pa kujificha. Kishimo kimejaa, kioo kijani. Nikaweka kidole.

Nilipofumbua macho tulikuwa angani, na Mlima Meru ulikuwa pembeni, karibu mno. Rubani akaniuliza kwenye vile vipokea sauti vya masikioni kama naiona nyumba yetu. Nikainama dirishani kuitafuta. Mabati yalikuwa mengi, yote yanafanana, na nilinyoosha kidole kwenye moja nikasema ile pale. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.