Jeraniamu Chini ya Kigoda

Siku tuliyohamishiwa kijiji cha ujamaa, kila mtu alipakia kwenye lori alichokiona cha maana. Mume wangu alipakia mlango na nguzo za nyumba. Mama yake alipakia jiwe la kusagia. Mimi nilipakata debe la udongo, na ndani ya udongo ule mlikuwa na shina la jeraniamu, ua la bustanini.

Lilikuwa la mama yangu. Alikuwa akifua nguo misheni, Kilimatinde, na bustanini huko ndiko alikopewa mche wa kwanza. Alipofariki hakuacha hata picha. Aliacha ua lile kwenye kivuli cha ukuta, majani yake yamechanika kama vidole, maua yake ya zambarau, na nilipoolewa Ihanja nilichimba shina moja nikaja nalo. Sikuwa na kitu chake kingine. Kama lingekufa, ningekuwa nimefiwa mara ya pili. Ndivyo nilivyoliona wakati ule, na hadi leo sioni kama nilikosea.

Mama mkwe hakulipenda. "Halipikwi, halitibu, mbuzi halimshibishi," alisema. Nilinyamaza, kwa kuwa mama mkwe hajibiwi, lakini moyoni nilimjibu vizuri sana.

Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa mstari na maji ya lambo, mbali. Nililipanda nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na jua la mchana, nikawa nalimwagia maji niliyooshea uwele. Wanawake wakaanza kunisema lamboni, eti watoto wana kiu na mimi nanywesha maua. Hao niliwajibu kwa sauti.

Kiangazi kilipokolea nilifanya kama alivyokuwa akifanya mama: nilikata majani yote hadi usawa wa ardhi, nikafunika shina kwa samadi kavu na makapi ya mtama. Ua hili hulala kiangazi, likaamka na mvua. Asiyelijua huona uwanja mtupu.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakulijua. Asubuhi moja alifika na vijana wenye majembe na mzigo wa vijiti vya muhogo. Wageni wa wilaya walikuwa njiani, na kila uwanja ulitakiwa uwe na muhogo kabla hawajafika. Mume wangu alikuwa shamba la kijiji. Vijana walianza kulima kona ya mbali, wakaja wakielekea kwenye shina langu.

"Hapo pana mmea," nilisema.

"Mmea gani?" balozi aliuliza. "Mbona sioni kitu?"

Mkutanoni alikuwa ametangaza kwamba anayepanda mapambo wakati wenzake wana njaa anakirudisha kijiji nyuma, na baba mmoja alisimamishwa mbele ya watu kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikitaja ua, nitamtia mume wangu matatani. Nikinyamaza, jembe litafika. Jembe likazidi kusogea.

Ndipo mama mkwe alipotoka ndani na kigoda chake. Alipita katikati ya wale vijana, akakiweka juu ya yale makapi, akaketi.

"Shikamoo, mama," balozi alisema.

"Marahaba."

"Mama, tunaomba utupishe kidogo."

"Kule kwangu nilikohamishwa nimewapisha tayari," alisema. "Hapa nimekaa."

Vijana walisimamisha majembe. Mimi balozi angeweza kuniamrisha, hata mume wangu pia. Lakini kumwinua mwanamke wa rika la mama yake kutoka kwenye kigoda, mbele ya vijana, hakuthubutu. Walipanda muhogo wakimzunguka, wakaenda zao. Naye aliendelea kukaa pale hadi sauti zao zilipopotea.

Nilimletea maji.

"Mvua ikinyesha utanigawia," alisema.

"Nikugawie nini, mama?"

"Usijifanye. Kule kwenye mahame yetu kuna kaburi la mtoto wangu wa kwanza. Ukuta wa nyumba ulio alama yake unaanguka. Mwakani nitapita hapo nisijue nilipomlaza."

Sikuwahi kusikia habari za mtoto huyo. Hata mume wangu hakuwahi kumtaja. Nilimwonea huruma, na papo hapo niliogopa, kwa sababu shina lililotoka kiangazini bado ni dhaifu, na ukilipasua unaweza kukosa yote mawili.

Mvua ilinyesha. Majani yakachomoza, madogo, yamejikunja. Nilichimba, nikalipasua shina kwa kisu, kila upande ubaki na mizizi na jicho la kuchipua. Mama mkwe aliyatazama mapande yote mawili, akachukua lile kubwa. Alilifunga kwa kitambaa kibichi akaondoka nalo kwa miguu.

Langu halikufika mbali. Mbuzi wa jirani alikula majani, kuku wakafukua mizizi, na nilipoliona lilikuwa limekauka juani. Nililia wazi wazi, nikamlaani mbuzi, nikawalaani kuku, na moyoni nikamlaani pia aliyechukua pande kubwa.

Masika yaliyofuata mama mkwe aliniambia, "Chukua kisu, twende."

Kwenye mahame hapakuwa na mtu, wala mbuzi, wala kuku. Ukuta mmoja tu ulikuwa bado umesimama, na kwenye kivuli chake palikuwa na wigo wa miiba alioujenga kwa mikono yake. Aliuvuta pembeni. Jeraniamu ya mama yangu ilikuwa imetanda kaburi zima, imechanua.

Ningependa kusema kwamba nilisita. Sikusita. Nilipiga magoti nikatafuta mahali pa kukata, tena pakubwa.

Aliniwekea mkono begani.

"Taratibu," alisema. "Amelala hapo."