Huyo B.T. ni Nani?

"Watu wangu sita, Dada Conjesta, umewageuza wote B.T.," alisema Mwalimu Yesaya, akaibwaga kazi yake juu ya printa, katika kibanda changu cha uchapaji hapa Mpemba. "Huyo B.T. ni nani? Shemeji yako?"

Nikamwambia ni bila tarehe, na kwamba mwenye mwavuli wangu tangu masika asinipandishie sauti.

Yesaya anafundisha shule ya msingi na kwaya kule Ikinga. Ana miaka arobaini na nane, na anasoma chuo kwa masafa. Aliandika juu ya kwaya za Ileje, akachota kwenye tovuti moja hakiki sita za nyimbo zao. Waandishi walikuwa na majina, tarehe hakuna. Chuo kikamrudishia kazi kwa sababu hiyo: isipofika Ijumaa imesahihishwa, anarudia mwaka. Nami kwenye marejeo, kila palipokosa tarehe nikaweka B.T.

Yeye alitaka tuweke 2025 kote, mwaka uliokuwa chini kabisa ya ukurasa. Nikamfungulia tangazo la 2017 kwenye tovuti hiyohiyo. Chini, 2025 vilevile. Huo ni mwaka wa tovuti, nikamwambia, si wa maneno. Akaona chini ya uhakiki mmoja msomaji kaacha maoni Machi 2019. Basi uliandikwa Machi 2019, akasema. Nikasema hapana, haukuandikwa baada ya hapo, ila kabla yake ni lini, hata mimi sijui. Akavua miwani.

Chuo kiliandika kwa wino mwekundu: taja na siku uliyosoma.

"Siku niliyosoma mimi inamhusu nini aliyeandika?"

Nikakumbuka cheti chake cha ubatizo, nilichomtolea kopi.

"Kile cheti kina tarehe gani?"

"Ya kubatizwa."

"Na ya kuzaliwa?"

"Mama anasema maharage yalikuwa yanavunwa."

"Mchungaji aliandika siku aliyokuona. Na wewe andika siku uliyouona uhakiki. Siku ulipozaliwa huo uhakiki hatukuwepo."

Sikujua kama ameelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeelewa nusu. Siku alizosoma hakuziandika popote, kwa hiyo tukafungua zote sita upya, tukaiacha b.t., na mbele yake tukaongeza: imesomwa, na tarehe ya siku ile.

Wiki iliyofuata alishuka tena Mpemba. Kazi imepokelewa, akasema, ila bado haelewi vizuri kwa nini. Kwapani alikuwa na mwavuli wangu, chuma kimoja kimepinda.

"Hivi niliuchukua lini?"

"B.T.," nikamwambia. "Umerudishwa leo."