Maji ya Mke Wangu Niliyoyanywa Nyuma ya Mti

Msinionee huruma. Mimi ni mtu mchafu, na huu si uchafu wa kuoga ukatoka. Nimekaa na hili jambo hadi nikijiangalia kwa kioo asubuhi nageuza uso. Afadhali niliseme hapa, mahali hamnijui.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunaongoza kikundi cha wanandoa katika kanisa letu huku Nunguni. Kazi yangu ilikuwa kufundisha waume wenzangu jinsi ya kuwatunza wake zao. Chekeni tu.

Pasta alikuwa ametuhimiza kila mtu atoke na mwenzake siku nzima, bila watoto na bila simu. Nikajitia mjuaji. Nikamwambia mke wangu tutapita msituni, tupande kilima, tushukie upande wa pili, jioni tuwe nyumbani. Yeye ametoka Tseikuru, kule Kitui kukavu, na kwao mtu hatoki mlangoni bila maji. Akataka tubebe mtungi mdogo. Nikamcheka! Nikamwambia hapa si kwenu, huku kwetu mito iko kila bonde. Basi akachukua chupa mbili kubwa, akazifunga kwa leso yake, nami nikazitia kwa begi mgongoni.

Asubuhi ilikuwa tamu. Miti imefunika njia, kuna baridi nzuri, na yeye anacheka vile alivyokuwa akicheka tukichumbiana. Chupa ya kwanza tuliimaliza tukila viazi vitamu.

"Baba Mwende, hii ingine tusiguse mpaka tuanze kushuka. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

Mto wa kwanza tuliokuta ulikuwa mchanga mtupu. Wa pili pia mchanga. Jua likawaka, mlima ukakaza, na mke wangu alikuwa mbele akinishikia matawi yasinichape usoni. Nikamwambia atangulie, nimebanwa na mkojo. Nikaingia nyuma ya mti, nikafungua ile chupa. Nilijiambia ni funda moja tu. Woi! Niliinywa yote. Nimechutama pale kama mwizi wa kuku, na tone la mwisho nikalilamba mdomoni mwa chupa.

Juu kilimani alikaa kwenye jiwe, midomo imekuwa myeupe, akaniomba maji. Nikatoa chupa tupu, nikajifanya nimeshtuka.

"Aiya! Mama Mwende, kifuniko kililegea! Yote imemwagika!"

"Pole," akaniambia.

Mimi ndiye niliyeambiwa pole!

Kushuka kulimtesa. Mara mbili alianguka. Tulipofika kwenye mto mwingine mkavu, aliingia katikati ya mchanga. Alipiga magoti akaanza kuchimba mchanga kwa mikono, vile alivyochimba tangu utotoni kwao. Kucha zikakatika. Damu ikatoka. Mwishowe maji yakaanza kujaa pole pole, ya rangi ya udongo, akayakinga kwa kifuniko cha chupa na kuninyooshea.

"Kunywa wewe kwanza. Ni wewe umebeba mzigo."

Na nikanywa! Tumbo limejaa maji yake, na bado nikanywa.

Alipojaza chupa, alifungua begi aitoe leso aifunge tena. Akaishika. Akaingiza mkono hadi chini ya begi, akapapasa.

"Hii leso iko kavu," akasema.

Aliikunja leso vizuri, akairudisha, akabeba begi mwenyewe. Akatangulia mbele hadi nyumbani.

Mngedhani hapo ndipo niliomba msamaha. Thubutu! Jumapili wanandoa walipoitwa kutoa ushuhuda, nilishika maikrofoni, nikasema maji yalituishia msituni, nikapiga magoti nikamchimbia mke wangu mchangani. Watu wakapiga makofi. Nikasikia utamu, jamani. Nikaongeza hata machozi.

Baada ya ibada, mama mmoja mzee alimshika mke wangu mkono kumpongeza kwa kupata bwana mzuri. Akaona plasta.

"Na hizi vidole zimefanya nini?"

"Ni kuchimba maji, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

Yule mama akageuka akatazama mikono yangu, laini, kucha nimezikata vizuri kwa ajili ya Jumapili. Akatema mate kando ya viatu vyangu, akaenda zake.

Habari zikamfikia pasta, naye akaniambia nipumzike kuongoza kikundi. Hilo naliweza. Linaloniua liko mezani kwangu. Siku hizi, kila tukila, mke wangu huniwekea jagi limejaa, na yeye hagusi hata tone hadi ninywe.

"Kunywa, Baba Mwende. Ukishiba, nitakunywa."

Hasemi kwa hasira. Nimeomba msamaha, akasema amenisamehe, lakini jagi halijaondoka. Na maji hayapiti kooni! Nayasukuma tu, natamani kuyatapika.

Wanaume wenzangu, nyinyi mnaobeba begi la watu wawili, mkishikwa na kiu semeni. Usijifiche nyuma ya mti. Mwambie mkeo, "Nimeshindwa, nigawie kidogo." Wangu angenigawia. Yule mwanamke angenipa chupa nzima, na ningeinywa mbele yake bila aibu yoyote.