Mtu wa Tumboni kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni fundi nguo, na mimi pia. Tunashona chumba kimoja, yeye dirishani, mimi mlangoni ili wambea waanze na mimi. Kati yetu husimama sanamu ya kupimia nguo, haina kichwa wala mikono. Tunaiita Bi Mkubwa, maana haifanyi kazi na inavaa kutushinda. Mdogo wangu aliijaza sponji na vitambaa kabla ya harusi yake, ikapata kiuno chake na nyonga zake, kwa kuwa fundi hawezi kujibania pini mgongoni.

Kisha yeye akabadilika, Bi Mkubwa akabaki vilevile. Tumbo lilitangulia. Shingo ikaingia weusi, akaisugua mpaka ikachubuka. Ndevu zikamtoka kidevuni, akawa anazinyoa kwa wembe wa kufumulia nyuzi akidhani sioni. Hedhi ikakata, mwaka ukapita. Mama mkwe wake, mwenye mdomo usio na mlango, akaanza kumwita mama kijacho mbele za watu. Mdogo wangu hakumkatalia. Nilimkuta siku moja kaweka kiganja tumboni, shingo kainamisha, kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani ukutani.

Hospitali walimpima mimba, hakuna. Wakapima damu, wakapiga picha ya tumbo. Daktari akasema homoni zimekwenda kombo, mayai hayakomai, yanakwama kwenye vifuko vidogo vidogo ndani ya ovari. Wanawake wengi wanayo hali hii. Akampa vidonge vya kurudisha hedhi na vya kuusaidia mwili kutumia sukari, akamwambia aache soda, apunguze vyakula vya unga mweupe, atembee kila siku. Mdogo wangu akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama yuko darasani.

Baada ya hapo Bi Mkubwa akaanza kunong'ona. Nilikuwa nabana gauni la mteja, nikasikia kitu kikikwaruza tumboni mwake. Nikaacha, kikaacha. Nikabonyeza, kikajibu. Mimi si wa kuogopa mbao na sponji, lakini nilipoivua lile gauni nywele zilinisimama. Tumbo lilikuwa limetuna, la miezi minne hivi. Mdogo wangu hakugeuka. Alikuwa akikanyaga cherehani, sindano ikipanda na kushuka, na chini yake hakukuwa na kitambaa.

Nikafumua mshono. Ndani mlikuwa na karatasi za vidonge, hakuna hata kimoja kilichomezwa, zimeviringishwa kwenye flana laini ya nguo za watoto wachanga.

"Nikivimeza atatoka," akasema. "Sema polepole, dada. Anasikia."

Matusi yalinifika kooni, nikayarudisha. Nikamuuliza ni mtoto gani huyo anayekaa mwaka mzima bila kukua, au ni mpangaji?

"Anaogopa kutoka," akanijibu.

Tukarudi kwa daktari, nikamweleza yote, hata la sanamu. Hakucheka. Akamlaza kitandani, akapitisha kipimo cha picha tumboni, akatugeuzia skrini. Niliona ukungu wa kijivu na vidoa vyeusi vimejipanga ukingoni kama shanga. Mdogo wangu akauliza mbona vinatuangalia. Daktari akasema si macho, ndiyo vile vifuko. Akamwonyesha mji wa mimba, mtupu, ukuta wake mnene. Ukuta huo ukikaa muda mrefu bila kushuka na hedhi, akasema, unaweza kuzaa saratani. Na mtoto bado anaweza kumpata, wengi hupata kwa matibabu, ila kwanza aliye hai atunzwe.

Akaanza kumeza mbele yangu. Damu ilipokuja alikaa sakafuni akalia kilio cha msiba, nami nikakaa naye. Wa kuzikwa hakuwepo, lakini mfiwa alikuwepo. Mama mkwe nilimfuata mwenyewe; tuliyoongea yanatutosha.

Sasa tunatembea kila asubuhi mpaka jasho. Chai anakunywa bila sukari, kliniki hakosi, kiuno kimepungua kidogo, ndevu bado anazo. Ila kwa miezi mingi alitembea mbali nami kidogo, akiacha nafasi ya kumtosha mtoto, na mkono wa upande ule ameufumba kama umeshika kitu. Sikuijaza ile nafasi. Tukivuka barabara, na mimi nilijikuta nikipunguza mwendo.

Juzi hedhi ilikuja yenyewe, bila kidonge cha kuiita. Aliniambia tukiwa njiani. Akaufumbua mkono, akaufuta kwenye sketi, akasogea mpaka mabega yetu yakagusana.