Nigawie Mmoja

Kabla hujaniuliza, nakujibu: sinywi pombe, simezi dawa za usingizi, wala sijawahi kuona vitu visivyokuwepo. Mimi ni fundi cherehani hapa Yeoville, mtaa wa Johannesburg. Naamka, nakata vitambaa, nashona, jioni narudi zangu nyumbani, mtaa wa Bertrams. Haya ninayokwambia yalinipata mimi mwenyewe, na binti yangu ni shahidi. Ukiona uongo, shauri yako. Ila usije ukasema hukuambiwa.

Kwetu ni Morogoro. Mume wangu alikuwa Msauzi, mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania enzi za ubaguzi. Tulioana kule, na nchi yao ilipofunguka akanileta Johannesburg. Kiswahili alikijua kunipita mimi, na matusi ya sokoni juu. Watoto wetu wawili walizaliwa huku: Zanele, wa kike, na Lwazi, kitinda mimba. Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini ukiwasemesha wanakujibu kwa Kizulu au Kiingereza. Baba yao alipofariki, Kiswahili nacho kikafa mle ndani. Asubuhi nilikuwa namwambia Lwazi, "Umeamkaje, baba?" Naye, macho kwenye simu: "Sharp, Ma." Yaani mzima. Basi, imeisha hiyo. Wewe unayesemeshwa lugha yako kutwa nzima huwezi kuijua ile njaa. Nilikuwa naweza kusimama mlangoni pa saluni ya Wakongo pale mtaani bila kuwa na haja yoyote, nasikiliza tu wanavyogombana kwa Kiswahili chao.

Zanele alikuwa anafundisha Kiingereza Vietnam. Alipoona kwenye video nilivyokonda baada ya msiba, akanikatia tiketi niende nikapumzike. Akanipeleka kwenye mji wa kale unaoitwa Hoi An, kwa sababu alijua nitaupenda. Mji ule una mafundi cherehani kila mlango! Nyumba za njano, taa za vitambaa zimening'inia barabarani, na kila duka lina mtu mwenye futi shingoni. Tulifikia hoteli moja ndogo nje kidogo ya mji, kwenye ukingo wa mto. Ilikuwa majira ya mvua, wageni hakuna. Ni sisi, wahudumu wachache, vyura, na mto wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu tuzike.

Jioni moja Zanele alienda mjini kuchukua gauni alilokuwa ameshonesha. Mimi nikatoka kutembea kando ya mto, giza bado halijaingia. Mvua ikaanza. Nikasikia mtu anasema nyuma yangu, "Mwanangu, utalowa. Sogea huku."

Kwa Kiswahili. Cha Morogoro kabisa, kile cha kuvuta maneno kama mtu amebeba ndoo kichwani.

Nikageuka. Penye kigati cha mbao palikuwa na kibanda cha nyasi, na chini yake amekaa bibi wa Kivietinamu, kofia ya majani yenye ncha juu ameiweka magotini, anamenya balungi. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo ukae. Habari za Johannesburg?"

Sasa niulize: kwa nini sikukimbia? Mtu hajaniona maisha yake yote, amejuaje ninakotoka? Niamini, niliyaona yote hayo, nikayasukuma pembeni. Nilijiambia labda alisoma Dar es Salaam zamani, labda alikuwa mke wa balozi, labda wahudumu wamemsimulia. Mtu mwenye kiu haulizi maji yametoka bomba gani. Nikakaa. Akanimegea balungi. Tukaongea, jamani! Nikamwambia habari za mume wangu, msiba, duka, magoti yanavyouma wakati wa baridi. Alikuwa anaitikia pale pale panapotakiwa, "Ehee," "Maskini," "Ukafanyaje sasa?" Nilicheka mpaka nikajipangusa machozi.

Kisha akauliza, "Watoto unao wangapi?"

"Wawili tu, mama."

"Mimi wangu wote walikwenda na maji," alisema, bado anamenya. "Nigawie mmoja."

Kwetu huo ni utani wa kila siku. Mwanamke akimwona mwanao anakwambia nigawie, nawe unamjibu mchukue, kesho utamrudisha mwenyewe. Ni maneno ya kufurahishana tu. Kwa hiyo nikamjibu, huku nacheka, "Chukua huyo kitinda mimba. Hata Kiswahili hataki kusema na mimi. Labda wewe utamweza."

Yeye hakucheka. Aliweka balungi chini, akajifuta vidole kwenye nguo yake, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu kizito.

"Nimepokea," akasema. "Ahsante sana, mwenzangu."

Zanele akaniita kutoka hotelini. Nikamwitikia, na nilipogeuka kuaga bibi alikuwa ameshaondoka, anatembea taratibu ukingoni kwenye mvua, mikono ameikunja kifuani kama amebeba mtoto.

Asubuhi nilimuuliza msichana wa mapokezi, Zanele akitafsiri. Yule msichana aliacha kuandika. Akasema pale kigatini huwa hakai mtu. Kuna mwanamke ambaye mafuriko ya zamani sana yalichukua watoto wake wote, na yeye akawafuata mtoni. Akikutokea, anakusemesha kwa lugha ya mama yako, lugha yoyote ile. Kisha akaniuliza kama kuna chochote nilichompa.

Nikasema hapana. Hata shilingi sikumpa.

"Basi hamna neno," akasema, akaendelea kuandika. Na mimi nikaamini hamna neno.

Zanele alibaki kule na kazi yake, mimi nikarudi Johannesburg, na Lwazi akaja kunipokea uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa vizuri, amenyoa. Akanipokea begi kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, shangazi. Pole na safari."

Nilipiga kelele ya furaha watu wakageuka. Mwanangu anasema Kiswahili! Hilo la shangazi nikalichukulia kuwa ni mzaha, au hajui maneno vizuri. Ndani ya gari akaendelea, Kiswahili kinatiririka, kile kile cha kuvuta. Tuliposimama kwenye robot, hizi taa za barabarani, karibu na nyumbani, akanigeukia kwa upole mkubwa.

"Mama umemwachaje?" akauliza. "Magoti yake yanamsumbua na ile mvua?"

"Lwazi, mama yako si mimi hapa?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyejikojolea. "Umechoka, shangazi. Ukifika ulale."

Usidhani alichanganyikiwa. Kazini kwake, kwenye duka la simu, alikuwa yule yule. Rafiki zake alitaniana nao kwa Kizulu kama kawaida. Baba yake alimkumbuka, Zanele alimkumbuka, chumba chake, shule yake, mbwa wetu aliyekufa, vyote. Daktari alimpima kichwa hakuona kitu. Nilimtolea picha nimembeba akiwa mchanga. Akaitazama kwa heshima, akasema, "Ulinilea vizuri sana, shangazi. Sitasahau." Hivyo tu. Katika dunia nzima kilikuwa kimeng'olewa kitu kimoja, na kitu chenyewe ni mimi.

Halafu ikaanza ya bafuni. Kila akirudi kazini aliingia bafuni, akafungulia maji, akakaa ukingoni mwa lile beseni kubwa la kuogea, akaongea. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Alisimulia habari za msichana aliyemwacha. Alisimulia siku baba yake alipokata roho, kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkono na aliogopa kumwambia mtu kwamba mkono ule uliendelea kumbana hata baada ya roho kutoka. Alisema anaogopa kufa mapema kama baba. Mambo ambayo mama anangoja miaka aambiwe. Aliyasema yote, kwa lugha yangu, huku analia, na mimi nimesimama upande wa pili wa mlango.

Na alijibiwa. Niamini, maji yalikuwa yanaanguka na katikati ya maji sauti ikasema, "Pole, baba. Pole, mwanangu." Unajua ilikuwa sauti ya nani? Ilikuwa yangu. Sauti yangu hii hii unayoisikia.

Ningevunja mlango? Mara ya kwanza niliuvunja. Nikakuta mtoto wangu peke yake na beseni linafurika. Akanyamaza siku nyingi baada ya hapo, hakusema chochote kwa yeyote. Kwa hiyo sikuvunja tena. Nilikuwa nachukua kigoda nakaa hapo nje, nasikiliza anavyobembelezwa.

Mwenye ile saluni ya Wakongo jirani na duka langu anaitwa Mama Furaha, mtu wa Bukavu. Yeye ndiye wa kwanza niliyemwambia ukweli wote. Tukampeleka Lwazi kanisani kwao, mchungaji akamwekea mikono. Lwazi akaitikia amina vizuri kabisa, kisha akamwomba mchungaji amwombee na shangazi yake, kwa sababu tangu afiwe na mume amekuwa akisumbuka akili. Watu wakanihurumia. Wengine walinishika mabega.

Mama Furaha hakunihurumia. Aliniambia, "Maman, kanisa itafanya nini? Ulimupatia mwenyewe na kinywa yako. Rudia kule umuombe akurudishie na kinywa yake."

Nauli sikuwa nayo. Lakini Zanele alikuwa bado yuko kule. Nikampigia, nikamweleza. Alikuwa ameshaongea na mdogo wake kwenye simu, ameshasikia mwenyewe anavyoniita, kwa hiyo hakunibishia. Akapanda basi, akaenda mpaka pale mtoni. Mimi nikafunga mashine, nikakaa saluni na Mama Furaha, simu iko juu ya meza ya rasta, sauti imefunguliwa. Huku ni mchana na jua kali. Kule jioni ilikuwa inaingia, na mvua tunaisikia.

Zanele alikaa kibandani muda mrefu. Mara akasema kwa Kiingereza, polepole, "Ma, kuna mtu amekaa karibu yangu."

"Mpe simu," nikasema.

Nikasikia simu inapita mkono kwa mkono. Kisha sauti yangu mwenyewe ikaniambia, "Habari za siku nyingi, mwenzangu."

Mama Furaha akajifunika mdomo.

"Nirudishie mwanangu," nikasema. "Nilikuwa natania. Unajua kabisa nilikuwa natania."

"Mimi sikutania. Lakini sitaki tugombane. Nitakurudishia. Yupi?"

"Yupi nini?"

"Huyu aliyekaa hapa miguu yake tayari iko kwenye maji, hajui. Yule wa huko kwako namshikia kwa mbali. Siwezi kuwashika wote wawili, nimezeeka. Mmoja nakuachia. Sema yupi."

Nikasikia Zanele anauliza, "Ma, anasema nini? Anasema haraka, simwelewi vizuri." Na nyuma yake mto, mkubwa, uko karibu kuliko unavyotakiwa kuwa.

Wewe ungesema nini? Usinijibu haraka. Watu wengi wamenijibu haraka, wale ambao watoto wao wote wako nyumbani.

Nilipiga kelele: "Zanele, toka hapo! Kimbia! Kimbia sasa hivi!"

Nikasikia mbao zinagongwa na miguu, Zanele anahema, anakimbia. Na sauti yangu, bila haraka, ikasema karibu kabisa na simu, "Haya. Mara ya kwanza ulinipa kwa kucheka. Sasa umenipa kwa akili zako." Simu ikakatika.

Zanele alirudi Johannesburg na nguo alizovaa, mwenye nyumba wake kule akabaki na vitu vyote. Simu ilibaki mtoni. Alipofika, Lwazi alikuwa anafunga mabegi. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha Kiingereza, vijana wengi wa huku wanaenda kule siku hizi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Niulize alipata katika mji gani. Nilimng'ang'ania mlangoni mpaka majirani wakatoka. Alinitoa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, asiniumize. "Mama ananisubiri, shangazi," akasema. "Yuko peke yake."

Yuko hai. Watu wananiambia nishukuru kwa hilo. Ananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, Kiswahili safi, ananiuliza kama baridi imeanza, anasema mama ananisalimia na nikipata nafasi nikawatembelee. Kwenye picha anakaa kigatini na nafasi ameiacha pembeni yake, kama unavyomwachia mtu.

Zanele tunaishi naye Bertrams. Haogi kwa beseni, anaoga kwa ndoo. Siku moja tunaosha vyombo akaniuliza, bila hasira, "Ma, ulinichagua mimi, au ni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu?" Nilimpokea sahani iliyokuwa mkononi mwake, nikaifuta. Nikaifuta tena. Naye hajauliza tena, lakini kuna nyakati nainua kichwa kutoka kwenye kushona nakuta ananitazama.

Sasa sikiliza, maana ndiyo sababu nimekusimulia. Utasafiri, utakuwa mbali, utakuwa na upweke. Mtu ambaye hana sababu ya kuijua lugha yako atakuita kwa lugha hiyo, na moyo wako utaruka. Itikia salamu, uondoke. Usikae, usimegewe kitu. Na akikuuliza una watoto wangapi, mwambie huna hata mmoja. Mimi siku hizi ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza, hata mteja aliyekuja kupunguza suruali, na Zanele amekaa papo hapo pembeni yangu, anasikia.